Supermicro 846 Imenyamaza: Mtazamo wa Kwanza wa Pawa Saplai za SQ

Zimewaka! Taa mbili za kijani nyuma ya kasha, feni zinazunguka, diski zinaamka kwa zamu, na mtu aliye chumba cha pili anaongea na simu bila kupaza sauti. Yeyote aliyewahi kukaa chumba kimoja na Supermicro CSE-846 anajua hiyo ni habari kubwa kiasi gani. Hili ni dubwana la 4U, lenye nafasi 24 za diski za inchi 3.5 mbele, kimo milimita 178, kina milimita 660, na likishajaa diski usithubutu kulinyanyua peke yako. Lilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya seva ambamo hakuna anayelala. Sasa nimelitia pawa saplai aina ya PWS-920P-SQ, na jamani, kitu kimetulia!

Kelele ilikuwa inatoka wapi? Makasha mengi ya 846 ya mtumba huja na moduli mbili za PWS-1K21P-1R, wati 1200 kila moja. Kwa kazi sina neno nazo, ni ngumu kweli kweli. Lakini moduli ya namna hii ina kimo cha takriban milimita 40 tu, kwa hiyo feni yake nayo lazima iwe ndogo, na feni ndogo haina njia nyingine ya kusukuma hewa ya kutosha ila kuzunguka kwa kasi mno. Hapo ndipo unapozaliwa ule mluzi mwembamba unaopenya mlango uliofungwa. Wengi huanza kwa kununua feni za Noctua za bei, wanabadilisha za katikati zote, wanawasha, na mluzi upo pale pale. Feni hazikuwa na kosa. Anza na pawa saplai, mengine yafuate!

Kazi yenyewe ya kubadilisha ni raha tupu. Huhitaji bisibisi. Moduli mbili zimepandana nyuma ya kasha, kila moja na mpini wake na klipu. Unachomoa kebo, unabana klipu kwa kidole gumba, unavuta mpini, na chuma kirefu kinateleza kutoka kwenye reli zake. Mpya unaisukuma taratibu mpaka usikie "ta!", maana yake meno yake yamekutana na ubao wa kugawia umeme ulioko ndani. Unachomeka kebo, basi. Ila zima seva kwanza. Ni kweli moduli hizi zimeundwa zibadilishwe mashine ikiwa kazini, lakini hilo ni kwa moduli mbili za aina moja. 1K21P ikae na mwenzake, SQ ikae na mwenzake, usizioze. Na ukishaingiza moduli zote mbili hakikisha zote zina umeme, kwa sababu ukisahau kebo ya moja kengele ya ndani italia mpaka ukome.

Kuna mafundi wanaopendekeza njia ya mkato: fungua moduli ya zamani, ng'oa kile kifeni, unganisha kingine kisicho na kelele. Nawasihi, msifanye. Ndani ya moduli kuna kapasita zinazoshika karibu volti 400 za mkondo mnyoofu, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kebo kuchomolewa. Halafu kile kifeni kipole hakisukumi hewa inayohitajika, moduli inachemka. SQ ipo, inaingia kwenye tundu lile lile. Ya nini kuchezea kifo?

Sasa kikokotoo mkononi, maana hapa ndipo nilipozidi kuipenda. SQ ina daraja la Platinum. Kipimo cha 80 Plus, kilichoanza mwaka 2004, kinadai pawa saplai za Platinum za aina hii kwenye volti 230 zifikie ufanisi wa asilimia 90 zikibeba asilimia 20 ya mzigo, asilimia 94 zikibeba nusu, na asilimia 91 zikijaa. Volti 230! Huo ndio umeme wetu wa ukutani Tanzania. Tarakimu zile ni zetu moja kwa moja, hatuna haja ya kuzipunguza.

Lakini moduli mbili hugawana mzigo. Seva ya nyumbani ikitulia kwenye wati 200, kila moduli inabeba kama 100, yaani asilimia 11 ya 920, chini ya pale kipimo cha Platinum kinapoanzia. Ukiacha moduli moja ndani, inapanda hadi karibu asilimia 22 na umeme unatumika vizuri zaidi. Anayebana luku afanye hivyo, na ya pili aiweke kabatini iwe akiba. Mimi nimegoma, kwa sababu moja tu: kebo mbili. Moja nimeipitisha kwenye UPS, nyingine ukutani moja kwa moja. Umeme ukikatika, moduli ya UPS inabeba mzigo wote papo hapo na seva haijui kilichotokea. UPS yenyewe ikifa, jambo ambalo betri zake hazikawii kulifanya kwenye joto la pwani, moduli ya ukutani ipo. Utulivu huo wa moyo naulipia kwa wati chache bila kinyongo.

Na msishangae kwa nini wati 920 kwa mashine inayokula 200. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta takriban ampea 2 kwenye laini ya volti 12, yaani wati 24. Zidisha kwa diski 24, unapata wati 576 kwa sekunde chache kabla hata prosesa haijadai haki yake. Unaweza kuzipanga ziwake kwa zamu, na nashauri ufanye hivyo, lakini nguvu ya akiba haidhuru.

Haya, hewa. Pawa saplai ikishanyamaza, kwa mara ya kwanza unazisikia feni zenyewe: tatu za milimita 80 katikati, mbili nyuma. Kishawishi kinakuja hapo hapo cha kuzipunguza zote mpaka zikae kimya kabisa. Polepole! Hewa ya 846 ina safari ngumu. Inaingia mbele, inabanwa katikati ya diski, inapenya kwenye matundu machache ya ubao ambao diski zimechomekwa, ndipo inazifikia feni, kisha prosesa, kisha nje. Feni nzuri ya kasha la kawaida, yenye mapanga mapana na upole mwingi, hapa inazunguka bure kwa sababu haina nguvu ya kuivuta hewa kupitia vikwazo vile. Inayotakiwa ni yenye msukumo. Feni za Supermicro za FAN-0074L4, unene wa milimita 38, zinaingia kwenye vishikio vile vile na ni tulivu kuliko zile kali za kiwandani. Ndizo nilizotia, na sijutii.

Hesabu ya hewa inafurahisha kwa urahisi wake. Kuondoa joto la wati 200 huku hewa ikipanda nyuzi 10 tu kati ya kuingia na kutoka, unahitaji kama mita za ujazo 60 kwa saa. Sasa fikiria Dar es Salaam mwezi wa pili, chumba kina nyuzi 32. Hewa itatoka nyuma ikiwa na nyuzi 42, na prosesa inaoga katika hewa iliyokwisha pashwa moto na diski. Mtu wa Arusha au Nairobi anaweza kupunguza feni zaidi yetu. Sisi wa pwani tuache kasi kidogo. Habari njema ni kwamba feni ikizunguka nusu ya kasi yake inatoa nusu ya hewa lakini inakula thumni moja tu ya umeme, na kelele inashuka kama desibeli 15. Kwa hiyo huhitaji kuzizima. Zishushe hadi katikati, raha yote unaipata pale.

Na usiache nafasi tupu za diski wazi! Hewa ni mvivu, hupita palipo rahisi. Trei moja ikikosekana, hewa yote inakimbilia pale na diski za jirani zinabaki zinachemka. Trei tupu zirudishwe, mfuniko wa juu ufungwe. Nimeshika diski zangu kwa mkono kabla na baada ya kuziba nafasi, tofauti inasikika kwenye kiganja kabla hujasoma kipimajoto. Sasa zinacheza chini ya nyuzi 40 jioni, na diski nyingi za seva zinaruhusiwa hadi 60.

Halafu mzimu wa feni. Ukishatia feni za polepole, utasikia kitu cha ajabu: zinashuka, zinanyamaza, ghafla zinanguruma zote kwa nguvu, zinashuka tena, bila kukoma. Hazijaharibika. Ile kompyuta ndogo ya usimamizi iliyoko kwenye mazabodi imewekewa kiwango cha chini cha mizunguko, na feni ya polepole ikishuka chini yake inadhani imekufa, inazipandisha zote kuokoa mashine. Dawa ni programu ya ipmitool: shusha viwango vya tahadhari vya kila feni, kwa mfano mizunguko 300, 200 na 100 kwa dakika, kisha chagua hali ya feni ya Optimal. Mzimu unahama siku hiyo hiyo. Ni dakika chache za kazi na hakuna kitu kilichonifurahisha zaidi katika mradi mzima.

Kadi ya diski nayo inasahaulika. LSI 9211-8i, kipenzi cha wajenzi wa seva za nyumbani, ina kipande kidogo cha bati la kupozea bila feni, kwa sababu waliiunda wakijua upepo wa chumba cha seva utaipitia. Ukipunguza upepo, iwekee feni yake ya milimita 40, Noctua NF-A4x10 inatosha, ifunge kwa kamba ya plastiki juu ya bati. Kadi hii ikichemka, makosa yake yanafanana na ya diski mbovu, na unaweza kutupa diski nzima kwa kesi isiyo yake.

Wapo wanaong'oa mfumo wote wa moduli na kutia pawa saplai ya ATX ya kawaida. Inawezekana, na ni kimya pia, ila unapoteza zile kebo mbili na itabidi ukate chuma. Ukienda njia hiyo, usichanganye kamwe kebo za pawa saplai moja na za kampuni nyingine. Plagi zinafanana, mpangilio wa nyaya upande wa pawa saplai haufanani, na diski 24 zinaweza kuungua kwa mpigo mmoja.

Mimi nabaki na SQ. Ukizitafuta, soma kibandiko kwa macho yako: PWS-920P-SQ. Kuna PWS-920P-1R yenye wati zile zile na daraja lile lile la Platinum, na muuzaji atakuapia kuwa ni kitu kimoja. Mwambie achomeke zote mbili kwenye kasha, aziwashe mbele yako, halafu msikilize pamoja kabla hujatoa hela.