Betri ya Kamera na Sura ya Mji

Upigaji picha wa kujiburudisha haujapata mhakiki wake katika nchi yetu. Ngoma zimeandikiwa, vina na mizani vimebishaniwa magazetini mpaka watu wakatupiana mafumbo, vinyago vimepewa nafasi katika makumbusho. Lakini picha aliyoipiga karani, mwalimu au fundi wa reli siku yake ya mapumziko huhesabiwa kuwa mchezo tu. Mchezo huo, hata hivyo, una uzuri na ubaya wake, na sehemu ya ubaya huo imetoka mahali ambapo wengi hawapadhanii, yaani ndani ya betri.

Kamera za zamani hazikuijua betri. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha Camerapix mjini humo mwaka 1963, alianza akiwa mwanafunzi na kamera ya sanduku, Box Brownie, chombo chenye kioo, kifyatuo na mkanda, basi. Zenit-E ya Kirusi nayo ilikuwa na kipima mwanga kilichopata umeme wake kutokana na nuru yenyewe iliyokiangukia. Vyombo vya namna hiyo vilitii jua. Mpigaji hakuwa na hiari: aliwatoa watu nje, akawapanga uwanjani, naye akiwa hana nia hiyo kabisa akauingiza mji ndani ya picha.

Hapa Isaka ushahidi umo katika albamu za majumbani. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na stesheni ikawa pahali pa watu kujionyesha. Tazama picha za mchana: mbele wamesimama maharusi, nyuma yao behewa, magunia, ng'ombe wanaopita, mtoto aliyejipenyeza bila kualikwa. Huyo mtoto mara nyingi ndiye aliye hai kuliko wote katika picha ile.

Kisha zikaja kamera ndogo zenye taa, mfano wa Yashica MF-2, zinazokula betri mbili ndogo. Betri hizo, ambazo wengine huziita mawe, zina volti moja na nusu kila moja, nazo hulazimika kujaza umeme hata ufikie volti 300 hivi ndipo taa imulike. Zikiwa mpya, kungoja ni kwa sekunde chache. Zikichoka, mlio ule mwembamba hujivuta, na waliosimama mbele ya kamera hukauka kama nguzo za simu. Wako waliozianika juani ili wapate picha mbili tatu zaidi. Mimi naamini kwamba ule uso mkavu unaoonekana katika picha nyingi za harusi zetu, ambao wageni huufasiri kuwa heshima ya Kiafrika, kwa kiasi fulani ni uchovu wa kungoja betri.

Lakini dosari iliyo kubwa si hiyo. Taa ya kamera ndogo haifiki mbali. Mita tatu, nne, nguvu zake zimekwisha. Picha ya usiku stesheni hutuonyesha nyuso zilizopauka na mashati meupe, na nyuma yao weusi mtupu. Treni haipo. Tena, kwa kuwa taa ilimruhusu mpigaji kukaa ndani, kamera ikahamia sebuleni: kochi, kabati la vyombo, vitambaa vilivyofumwa, redio. Betri ilituletea usiku, ikatunyang'anya mji.

Huko Unguja, Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930 alipiga picha za wakubwa na pia za mitaa, hata leo mtu aweza kuisoma Zanzibar ya zamani kwa macho. Oza alikuwa mtu wa kazi hiyo, si wa mapumziko. Bara, miji midogo haikupata wa kuisimamia, isipokuwa hawa wa kujiburudisha, nao wakafuata mwanga wa taa yao. Akifika Mwanza, mtu wetu hujipiga picha mbele ya Jiwe la Bismarck. Mtaa anaokaa, duka anakokopa unga, foleni ya maji, havina picha.

Simu za mkononi zimeongeza wapigaji, hazikubadili tabia. Uso hujaza kioo chote. Mkanda wa picha 36 ulimlazimisha mtu kufikiri kabla ya kufyatua, kama mizani inavyomlazimisha mshairi kuchagua neno. Simu haidai chochote, ila betri yake iliyokufa huzika picha elfu kwa mara moja. Na nyuma ya picha ya karatasi palikuwa na wino: jina, mahali, tarehe. Picha hizo zilizosafishwa studio tunazo. Za simu ziko wapi?

Mwezi Juni 2021 liliwekwa jiwe la msingi la reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapa, nyumba zinavunjwa na kujengwa. Kamera hazikosekani, na jua letu la Usukumani halihitaji betri. Atoke mtu saa moja asubuhi, asimame ng'ambo ya reli ya zamani, aigeuzie kamera mgongo wa stesheni, walipo akina mama wa uji.