Hongera, Wauguzi wa Njiti

Geita husifiwa kwa dhahabu. Mimi leo nawasifu wauguzi wanaokesha na njiti wa kilo moja na nusu. Mkoa huu, pamoja na Shinyanga, Mwanza, Tabora na Manyara, ulitekeleza Safer Births, mpango wa vifaa na mafunzo ya kuokoa watoto wanapozaliwa, katika vituo 30 vya afya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa takribani asilimia 40. Vifaa vilisaidia, ila naona kazi kubwa ilikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara: muuguzi anampumulisha mwanasesere mpaka mikono izoee.

Njiti akishapumua, mambo huenda polepole. Mama anakamua maziwa, yanapitishwa kwenye mpira mwembamba wa puani, mtoto anafungwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Utafiti wa mwaka 2021, uliohusisha pia Tanzania, ulionyesha kwamba kumfunga kifuani mapema, bila kungoja mtoto atengemae, hupunguza vifo kwa robo. Na baba mchimbaji naye ana kifua! Muuguzi anayemwambia, “Karibu baba, fungua shati,” badala ya kumfukuza wodini, huyo namvulia kofia.