Mchezo wa Kulaza Watu Usingizi Jukwaani: Je, Ni Kweli?

Jioni moja kijana wa kijiji chetu alileta simu yake barazani, akatuonyesha picha za mchezo uliochezwa Uingereza. Tuliona ukumbi mkubwa umejaa watu, na jukwaani viti vimepangwa safu moja, na mbele ya viti amesimama bwana aliyevaa nguo nyeusi. Bwana yule alisema maneno machache kwa sauti ya taratibu, na wale waliokaa vitini wakainamisha vichwa kama watoto waliosinzia kanisani. Kisha akawaamsha, akamwambia mmoja wao kwamba kiatu chake ni mtoto mchanga. Naye akakivua, akakipakata na kukibembeleza. Mwingine aliambiwa kwamba amesahau jina lake, akabaki ametoa macho, asiweze kulitaja. Watu wote ukumbini walicheka, na sisi barazani tulicheka pamoja nao.

Mzee mmoja wa kanisa hakucheka. Alisema, "Mwalimu, huu ni uchawi. Watu hawa wameibiwa nia zao." Kijana akamjibu, "La, babu, hao wamelipwa. Wote ni waongo." Basi wakanigeukia mimi niamue, nami usiku ule sikuwa na jibu. Tangu hapo nimesoma niliyoweza kusoma juu ya jambo hili, na hukumu yangu haimpi ushindi mzee wala kijana.

Tena jambo lenyewe si dogo, ingawa lilianza kwa kicheko. Ikiwa mzee amesema kweli, basi yuko mwanadamu awezaye kuingia ndani ya mwenziwe na kuiondoa nia aliyopewa na Mungu, na kila atendaye uovu aweza kusimama mbele ya baraza akasema, "Si mimi, niliamriwa." Na ikiwa kijana amesema kweli, basi watu wa heshima, wenye kazi zao na watoto wao, hupanda jukwaani kila usiku kusema uwongo kwa pamoja, wala hakuna hata mmoja arudiye nyumbani akautoboa.

Kwanza tusiuchanganye mchezo huu na mazingaombwe ambayo watoto wetu huonyeshwa shuleni. Mwenye mazingaombwe hudanganya jicho: sarafu imo katika mkono mwingine, basi. Huyu mwingine, ambaye nitamwita mlazaji, hafichi kitu mkononi. Chombo chake ni maneno tu.

Habari zake zaanza kwa mganga mmoja, Franz Anton Mesmer, aliyetoka Vienna akafika Paris mwaka 1778. Yeye alidai kwamba imo katika viumbe vyote nguvu iliyo kama ya sumaku, tena kwamba yeye aweza kuiongoza na kuponya wagonjwa kwayo. Wagonjwa waliketi kulizunguka pipa kubwa lenye vyuma vilivyotokeza nje, wakavishika, na wengi walitetemeka, wakapiga kelele, wakaanguka. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI aliweka wataalamu walichunguze jambo hili, na miongoni mwao walikuwamo Benjamin Franklin wa Marekani na Lavoisier, bingwa wa kemia. Walitumia akili sana. Katika bustani ya Franklin, mwanafunzi wa Mesmer aliutia mti mmoja ile nguvu yake. Kisha akaletwa mvulana wa miaka kama 12, amefungwa kitambaa machoni, akapelekwa kwenye mti baada ya mti. Alitokwa na jasho, akakohoa, akasema kichwa chamwuma. Na alipofika mti wa nne akazimia. Lakini ule mti uliotiwa nguvu haukuwa huo wa nne, wala haukuwa mmojawapo wa ile mitatu ya kwanza. Wataalamu wakaandika kwamba nguvu ile haiko, na kwamba linalowaangusha watu ni mawazo yao wenyewe.

Wengi wanaoisimulia habari hii huishia hapo, wakacheka kwamba Mesmer ameumbuka. Mimi namfikiria zaidi yule mvulana. Hapana mtu aliyemgusa, wala hapana kitu katika ule mti wa nne. Walakini jasho lilikuwa jasho na kuanguka kulikuwa kuanguka.

Mwaka 1841, mwezi wa Novemba, Mfaransa mmoja jina lake Charles Lafontaine alionyesha mchezo wa namna hii katika mji wa Manchester. Akaja kutazama mganga wa kupasua, James Braid, Mskochi, naye alikuja akiamini kwamba ataona hila tupu, kama alivyoamini kijana wetu. Akarudi tena kutazama, na safari hii akaona kwamba mtu mmoja aliyekuwa jukwaani hawezi kweli kuyafumbua macho yake. Braid hakubaki kubishana na watu mlangoni. Alikwenda nyumbani akajaribu kwa rafiki yake, na mkewe, na mtumishi wake, akawaambia wakazie macho kitu kimoja tu bila kuyaondoa. Wote macho yao yalifumba. Basi hayakuhitajiwa macho makali ya Lafontaine wala mikono yake. Kila mmoja alikuwa amejilaza mwenyewe. Mwaka 1843 Braid alitoa kitabu, na jina alilolieneza, hipnotizimu, limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya usingizi. Baadaye alilijutia jina hilo, maana aliona kwamba wengi hawalali hata kidogo: wasikia, wajua walipo, na aghalabu wakumbuka yote.

Sasa turudi jukwaani, tuutazame ufundi wa mlazaji kama tunavyoutazama ufundi wa seremala. Nakiri kwamba ni ufundi kweli. Yeye hamchukui mtu yeyote tu. Kwanza huwaambia wote ukumbini wafumbe macho, wafumanishe vidole vya mikono miwili kwa nguvu, wawaze kwamba mikono imegandamana kama iliyotiwa gundi. Dakika chache baadaye huwaambia wajaribu kuiachanisha. Wengi huiachanisha mara moja. Wachache huvutana nayo, na hao ndio anaowakaribisha mbele. Lakini hata hao ni watu wa namna gani? Ni wale waliokubali kuinuka vitini mbele ya rafiki zao, wakijua watachekwa. Mwenye haya hakuinuka, wala mbishi hakuinuka. Kisha pale jukwaani awajaribu tena, na yule asiyeinama amgusa bega na kumrudisha kwa adabu. Watu ishirini wakawa sita. Watazamaji huwaona sita wakitii, wakasema, "Huyu bwana aweza kumlaza mtu yeyote!" Ni kama mvuvi aliyerudisha baharini samaki wote wadogo, kisha akajisifu kwamba bahari yote ina wakubwa tu.

Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Meeker na Barber, waliandika juu ya mbinu hizi, wakataja nyingine ambayo watazamaji hawaisikii: mlazaji huweza kuinama na kumnong'oneza mtu, kama kumwomba, ashirikiane naye kuupendeza ukumbi. Fikiri wewe umesimama pale. Taa zakupiga usoni, watu mia tano wamenyamaza wakikungoja, na mtu mpole akunong'oneza ufumbe macho tu. Ni nani atakayekataa jambo dogo kama hilo? Na aliyekubali dogo, la pili si zito kwake, na la tatu ni jepesi zaidi.

Sisi walimu yatupasa kulifahamu jambo hili kuliko watu wote. Mwalimu akimaliza hesabu ngumu huuliza, "Mmefahamu?" Darasa zima huitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Kesho yake madaftari yaonyesha kwamba waliofahamu ni watatu. Je, wale wengine ni waongo? Zamani nilidhani hivyo, na nilikuwa mkali kwao. Siku hizi naona kwamba mtoto hakukusudia kunidanganya. Alishindwa kuwa peke yake asemaye la, na ule uitikio wa wenziwe ulikwisha kutoka kinywani mwake kabla hajapima kama amefahamu. Wako hata wanaoamini, kwa dakika ile, kwamba wamefahamu.

Mtaalamu mwingine wa Marekani, Martin Orne, alilithibitisha jambo hili kwa njia iliyonipendeza mno. Katika habari alizozitoa mwaka 1959, alieleza jinsi wanafunzi walivyofundishwa darasani kwamba dalili moja ya hali hii ni kukauka kwa mkono ule mtu autumiao zaidi. Haikuwa kweli, Orne aliibuni dalili hiyo mwenyewe. Walakini baadaye wanafunzi wale walipotiwa katika hali ile, wengi wao mkono ulikauka, na wengine ambao hawakufundishwa hivyo haukukauka kwa namna hiyo. Maana yake ni kwamba mtu apandaye jukwaani huja na picha kichwani mwake ya jinsi mtu aliyelazwa anavyokuwa, naye huitimiza, bila kujua kwamba anaitimiza. Ndiyo sababu wagonjwa wa Mesmer walianguka na kutetemeka, ilhali wa leo huinamisha vichwa kimya. Kila kizazi hulala kama kilivyoona wengine wakilala.

Sasa nafika penye swali la mzee, nalo ndilo zito. Je, mtu huyu aweza kuamriwa kutenda uovu? Mwaka 1965 Orne na mwenziwe Evans waliwaambia watu waliotiwa katika hali hii wamshike nyoka mwenye sumu, watie mkono katika tindikali, na kummwagia mtu tindikali usoni. Karibu wote walijaribu kutii! Ukisoma mpaka hapo tu, utasema mzee ameshinda. Lakini Orne aliweka watu wengine ambao hawakulazwa kamwe, walioambiwa waigize tu. Nao pia walitii. Walipoulizwa, walijibu kwamba walijua mabwana wale wa chuo hawatawaacha wadhurike, wala hawatawaacha wamdhuru mwingine. Na kweli, mbele ya nyoka palikuwa na kioo kisichoonekana. Basi hawakuondolewa nia. Walikuwa na imani, imani kubwa, kwa mtu mwenye cheo, na jambo hilo lanitisha mimi kuliko uchawi wowote, maana kwa hilo hakuhitajiwi usingizi.

Msidhani kwamba naligeuza jambo lote kuwa maigizo. Uko ukweli ndani yake ambao kijana wetu hakuuona. Watu hawalingani katika hali hii: wako wachache ambao maneno huwaingia upesi na kwa kina, wako wachache ambao hayawaingii kabisa, na wengi wako katikati. Tena tabia hiyo hudumu: watu waliopimwa wakapimwa tena baada ya miaka 25 hawakubadilika sana. Wale wa kwanza husema kwamba mkono uliinuka wenyewe, hawakuuinua, nao husema kweli kama walivyoona nafsini mwao. Katika hospitali maneno haya hutumiwa kupunguza maumivu, kama wakati wa kusafishwa vidonda vya moto. Karibu miaka mia mbili iliyopita, kabla dawa za kumlaza mgonjwa hazijaenea, mganga James Esdaile aliwapasua watu huko Bengal, India, akatoa uvimbe mkubwa, nao wametulizwa kwa njia ya Mesmer. Mtu haigizi mbele ya kisu.

Ama ule mchezo wa kumlaza mtu kichwa juu ya kiti kimoja na miguu juu ya kingine, akabaki amenyoka kama ubao, huo hauna maana yoyote. Mtu mwenye afya, akiegemezwa mabegani na miguuni, huweza kukaa hivyo kitambo kidogo bila kulazwa na yeyote. Watoto wasiujaribu, kwani wengine huongeza kwa kumkanyaga aliyelala.

Basi, kama mchezo, nauhukumuje? Nausifu kwa kuwa mlazaji hodari ajua mioyo ya watu kuliko wengi wetu tunaosimama mimbarani au ubaoni. Naulaumu kwa mambo mawili. Huyo bwana hujivika sifa ya nguvu isiyo yake, kama Simoni wa Samaria, ilhali kazi yote hufanywa na yule anayechekwa. Na anayeiamini nguvu hiyo leo jukwaani, kesho atamlipa tapeli amponye kwayo. La pili ni kicheko chenyewe. Mcheza mchezo wa kuigiza alijifunza sehemu yake, akaijua mwanzo na mwisho. Huyu aliyejitolea hakuonyeshwa kitu, wala hajui kama ataambiwa aimbe au alie. Waingereza waliliona hilo, na mwaka 1952 waliweka sheria ya kuiongoza michezo hii. Hata leo kwao ni marufuku kumlaza hadharani mtu aliye chini ya miaka 18. Naona walifanya vema, ingawa sheria haiwezi kuwazuia watazamaji kucheka.

Juzi nilimwomba kijana aniletee tena ile simu, tukaitazama picha tangu mwanzo, na mzee akiwapo. Safari hii sikumtazama yule mwenye kiatu. Nilitazama pembeni, na hapo mwanzoni kabisa nikaona alichokificha kicheko chetu mara ya kwanza: mwanamke mmoja aliyekuwa katika safu alitikisa kichwa, mlazaji akamgusa bega, naye akashuka ngazi polepole akarudi mahali pake gizani. Hapana aliyempigia makofi. Mzee akaniambia, "Rudisha hapo, Mwalimu, nimwone tena."