Baada ya Shitingi: Jinsi Goma Ilivyovalisha Nyumba Zake Mbao

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka ubavu wa kusini, na lava ikateremka hadi katikati ya Goma. Ilifunika sehemu ya njia ya ndege uwanjani, ikateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaugawa mji na kuingia Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Miezi michache baadaye, juu ya jiwe ambalo mahali pengine lilikuwa bado linatoa mvuke, nyumba zilianza kusimama tena. Zile zilizojengwa kwa vifaa vya mashirika ya misaada zilifanana: kiunzi cha miti, paa la mabati, ambayo sisi Goma tunayaita manjanja, na kuta za shitingi ya plastiki.

Shitingi ile ilikuwa ya muda, na kila mtu alilijua hilo. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hatua chache kusini mwa ikweta, na jua la hapa halina huruma kwa plastiki. Baada ya mwaka mmoja au miwili inakauka, inachanika penye misumari, na upepo wa jioni unamalizia kazi. Maelfu ya familia zilijikuta na swali moja: kiunzi kipo, paa lipo, je, ukuta tuuvalishe nini?

Nianze kwa kusifu jambo ambalo halisifiwi vya kutosha. Fedha za msaada zilielekezwa kwenye kiunzi na paa, ukuta wa kudumu ukaachiwa wenye nyumba. Ulikuwa uamuzi wa kiufundi wa hali ya juu. Paa na kiunzi lazima vikamilike kwa mkupuo mmoja, kwa sababu nusu ya paa si paa. Ukuta unaweza kujengwa kidogo kidogo. Familia inaweza kununua mbao za upande wa mvua mwezi huu, za upande wa mlango miezi mitatu baadaye, na shitingi iliyobaki ikaendelea kuziba kwingine. Mitaa mingi iliyofunikwa na lava ilijengeka hivyo, upande kwa upande, bila mtu kulazimika kukopa asichoweza kulipa.

Mbao hazikushinda kwa sababu ya uzuri. Ukuta wa udongo na fito, ambao vijiji vingi vya Masisi na Rutshuru vinauweza vizuri, ulishindwa siku ya kwanza: lava ilikuwa imefunika udongo kwa mita moja, mbili, pengine zaidi, na udongo wa kukandika ungebidi uletwe kwa gari. Manjanja ya ukutani yanapandisha joto mchana na kuleta baridi usiku, na mvua ikipiga huwezi kuzungumza na mwenzako. Halafu kuna hewa yetu. Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira ni miongoni mwa milima inayotoa gesi ya salfa kwa wingi zaidi duniani. Gesi hiyo ikikutana na mvua inakuwa asidi, na asidi inakula zinki ya manjanja, kisha kutu inaanza. Upepo mara nyingi hulipeleka wingu hilo magharibi, kuelekea Rusayo na Sake, lakini hakuna mtaa wa Goma unaoweza kusema haulijui.

Lilibaki jiwe la lava lenyewe. Liko chini ya miguu, linavunjwa kwa nyundo, na ukuta wake haujui mchwa wala kuoza. Lakini jiwe halijishiki lenyewe. Linadai saruji, ambayo kwa sehemu kubwa inatoka Rwanda na Uganda na inauzwa kwa bei inayofuata dola. Linadai mchanga, fundi mwashi, na zaidi ya yote linadai uhakika wa parseli, yaani kiwanja. Mpangaji, au mtu aliyehifadhiwa kwenye kiwanja cha ndugu, hawezi kuweka akiba yake yote kwenye kitu asichoweza kuondoka nacho. Nyumba ya mbao inang'olewa, inapakiwa kwenye gari, inapigiliwa tena kwingine. Katika mji ambao watu wake wamehama mara nyingi namna hii, hilo ni sharti la kwanza kabla ya mambo ya mapambo.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2021. Tarehe 22 Mei mlima ulilipuka tena, lava ikasimama karibu na Buhene, mlangoni mwa mji. Kilichotikisa Goma yenyewe ni matetemeko yaliyofuata kwa siku kadhaa, makubwa zaidi yakifika kipimo cha 5 na ushei. Tarehe 27 Mei serikali ya kijeshi ya mkoa iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe. Waliorudi walikuta nyufa, hapa na ng'ambo ya mpaka huko Gisenyi, na sehemu kubwa ya nyufa hizo zilikuwa kwenye kuta za mawe na matofali. Sababu yake si ya ajabu. Ukuta wa jiwe ni mzito. Ardhi ikisogea, uzito wote huo unataka kubaki ulipokuwa, na kama hakuna nguzo za zege pembeni na mkanda wa zege wa kuufunga juu, ule mafundi wanaouita kwa Kifaransa chaînage, kona zinaachana. Ukuta wa mbao ni mwepesi, na kila msumari unaruhusu ubao kusogea kidogo bila kuachia. Nyumba inalia, kisha inarudi mahali pake.

Kwa hiyo sikubaliani na mazoea ya kuiita nyumba ya planche, yaani ya mbao, nyumba ya maskini na kuiona nyumba ya durable kuwa salama kwa sababu tu ni ya mawe. Mawe bila chaînage ni hatari zaidi kuliko mbao. Anayetaka jiwe alipe gharama ya jiwe lote, pamoja na nondo na zege la kulifunga, au abaki na mbao na azipigilie ipasavyo.

Hapo kwenye kupigilia ndipo penye kazi. Nyumba nyingi za mbao zinazozeeka mapema Goma haziuawi na aina ya mti. Zinauawa na mambo manne, na yote yanaonekana siku unapobomoa vazi la zamani.

La kwanza ni kitako. Ubao wa chini kabisa ukigusa lava, au ukiwa karibu nayo kiasi kwamba matone ya mvua yanaruka na kuupiga, utaoza kabla ya wenzake wote. Kitako cha mawe na saruji kiinuke walau sentimita 30 juu ya ardhi, na ubao wa chini ushuke kidogo nje ya ukingo wake ili maji yadondoke mbali badala ya kuingia kati ya mti na jiwe. Kati ya kitako na boriti ya chini weka utepe wa plastiki unaozuia unyevu kupanda. Shitingi ya zamani, iliyokwisha kazi ya ukuta, inafaa sana hapa ikikunjwa mara mbili. Kabla ya kujenga kitako chenyewe, gonga jiwe kwa nyundo nzito kuanzia kona hadi kona. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kutiririka kuliko karibu lava nyingine zote duniani, na ikiganda mara nyingi huacha gamba juu na uwazi chini. Penye mlio wa mtungi mtupu, vunja na ujaze.

La pili ni mshazari, na hili naliona likisahaulika zaidi ya yote. Shitingi haikukipa kiunzi nguvu yoyote ya kusimama wima. Mbao zilizopigiliwa kwa mlalo zinaongeza kidogo tu. Nguzo na boriti peke yake ni kisanduku kisicho na mfuniko: ukikisukuma pembeni, kinalala. Kinachokizuia ni mti uliowekwa mshazari kutoka juu ya kona hadi chini ya nguzo inayofuata, kila kona, pande zote mbili. Ukishavalisha ukuta huwezi tena kujua kama mti huo upo wala kuuweka. Siku ya kubadilisha vazi ndiyo siku ya pekee ya kukagua mifupa: tafuta nguzo zilizoinama, badilisha zilizooza mguuni, pigilia mshazari, kisha funga kiunzi kwenye kitako kwa waya mnene au vyuma vilivyozikwa kwenye saruji. Mwenye nyumba anayeharakisha kupata ukuta mpya kabla ya mvua za Septemba akaacha kazi hii, amevalisha mgonjwa nguo mpya.

La tatu ni unyevu wa mbao zenyewe. Mikaratusi ndiyo mti unaopatikana zaidi kwa bei ya kawaida, ikitoka kwenye mashamba ya Masisi, Rutshuru na Lubero. Kila barabara za huko zinapofungwa na vita, dipo za mjini zinakauka na bei inaruka. Kwa hiyo mbao hufika zikiwa zimepasuliwa juzi, na mnunuzi anazipigilia kesho. Mikaratusi mbichi inasinyaa sana, tena inasinyaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, ndiyo maana inajikunja na kupasuka vichwani. Ubao wa upana wa sentimita 20 unaweza kupoteza sentimita moja au zaidi ukikauka. Kama ulipigiliwa ukigusana tu na mwenzake, nafasi hiyo inakuwa mlango wa mvua na baridi ya usiku. Mbao zipangwe kivulini, kwa tabaka, vijiti katikati ili hewa ipite, mawe mazito juu yake, na vichwa vipakwe rangi nzito ili visikauke haraka kuliko kiwiliwili. Wiki sita ni bora kuliko hakuna. Miezi mitatu ni bora zaidi. Anayeweza kupata sipresi ataona kazi inakuwa rahisi, kwa kuwa haijikunji sana na msumari unaingia bila kuipasua. Mbao za msitu kama libuyu ni nzuri mno kwa ukuta wa nje, na kwa maoni yangu ni upotevu kuzitumia hapo. Ziachwe kwa milango na madirisha.

La nne ni mpandano na msumari. Ubao wa juu uupande wa chini kwa sentimita tatu angalau. Msumari upigwe juu kidogo ya ukingo wa ubao uliofunikwa, usipite ndani yake. Mafundi wengi hupenyeza msumari mmoja kwenye mbao mbili wakidhani wanaimarisha. Kumbe wamezifunga zote mbili, na mbao zinaposinyaa hazina pa kwenda, zinapasuka katikati. Misumari iwe ile iliyopakwa zinki kwa wingi. Kwa asidi ya mvua zetu, msumari mtupu unaacha machozi meusi ukutani, kisha kichwa kinakatika.

Kuhusu mafuta ya vidange yanayopakwa na karibu kila mtu: yanafukuza maji na wadudu kwa muda, na ndiyo yanayozipa nyumba zetu ule weusi wake. Lakini ni uchafu wa injini wenye madini mazito, na moto unayapenda. Mtoto anayecheza akiegemea ukuta huo anarudi nao mikononi. Nisingeyapaka popote mkono wa mtu unapofika, na ndani ya nyumba kamwe. Anayeweza, anunue dawa ya mbao. Asiyeweza, apanue upenu wa paa. Upenu wa sentimita 60 unaukinga ukuta na mvua kuliko mafuta yoyote.

Moto ndio udhaifu wa kweli wa mbao, na hapa siwezi kuzitetea. Katika Birere na mitaa iliyobanana kama huo, nyumba moja ikishika, jirani ana dakika chache za kuokoa watoto. Makala jikoni, mshumaa umeme unapokatika, waya uliounganishwa kiholela, vyote vinakutana na mbao kavu zilizolowa mafuta. Jibu ninaloliona bora ni mchanganyiko: upande unaotazamana na jirani kwa karibu ujengwe kwa mawe au matofali ya saruji, na nguzo zake na chaînage yake, usimame kwa nguvu zake wenyewe bila kuegemea kiunzi cha mti, pande nyingine zibaki za mbao juu ya kitako. Jiko liwe nje au upande huo wa jiwe. Gharama ya ukuta mmoja wa mawe uliofungwa vizuri iko ndani ya uwezo wa familia nyingi ambazo kuta nne zingezishinda, na ukuta huo unalinda nyumba mbili.

Ndani, wengi hupigilia tripleksi ili kuzuia baridi na kupata sura nzuri. Ni sawa, mradi iache nafasi ya hewa nyuma yake na isishuke hadi sakafuni. Tripleksi iliyobanwa kwenye mbao bila pumzi hunywa unyevu wa kila mvua na kuugawia ukuta mzima. Na kwa wale wa magharibi mwa mji, kuelekea Bulengo na ufuko wa ziwa, ambako mazuku, gesi yenye kuua itokayo ardhini, hujikusanya kwenye mabonde: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inalala chini, na hakuna vazi la ukuta linaloizuia. Sakafu iliyoinuliwa juu ya uwazi uliofungwa pande zote inaipa mahali pa kujificha. Kiwanja chenye mazuku hakijengwi.

Kwa anayeanza kazi msimu huu wa kiangazi, aanze na upande unaopigwa na mvua. Ang'oe kutoka juu kushuka, akitenga mbao nzima na zile zilizooza kwa sehemu tu. Hizo za pili zikikatwa sehemu mbovu zinatosha vibaraza na choo. Kisha apigilie mpya kutoka chini kupanda, ubao wa kwanza ukipimwa kwa uzi na pima maji, kwa sababu wote wanaofuata watarithi mwinamo wake.