Harambee ya Jubilei: Fedha Hupatikana Kabla ya Sherehe na Baada Yake

Shule ya sekondari ya Kanisa Katoliki inapotimiza miaka 25, watu hukumbuka tarakimu moja: ile inayotangazwa jioni kwenye kipaza sauti, mgeni rasmi akiwa amesimama na kwaya ikisubiri kuitikia. Bweni halijengwi kwa tarakimu hiyo. Hujengwa kwa fedha iliyoingia benki, na fedha hiyo huamuliwa na kazi iliyofanyika miezi mingi kabla ya sherehe na miezi mingine baada yake. Uchambuzi huu unaipitia kazi hiyo hatua kwa hatua, tukiitazama kutoka Mlowo, wilayani Mbozi, mkoani Songwe.

Mlowo unafaa kwa somo hili. Ni mji wa mazao ulioko kwenye barabara kuu ya kutoka Mbeya kwenda Vwawa, Tunduma na mpaka wa Zambia. Mahindi, maharage na kahawa ndivyo vinavyoendesha maisha, na malori ya masafa marefu yanapita usiku na mchana. Mchangiaji wa hapa si mtu wa mshahara wa kila mwezi. Ni mkulima, mnunuzi wa mazao, mwenye duka, mwenye mashine ya kukoboa, dereva. Kamati ya maandalizi isiyoanza na ukweli huu itapanga harambee ya mji mwingine.

Nani hasa atachangia?

Swali la kwanza ni umri wa shule. Chuo cha Mtakatifu Maria Kisubi, Uganda, kilianza mwaka 1906. Mang'u ya Kenya ilianzia Kabaa mwaka 1925, na kati ya waliosoma humo ni Tom Mboya na Mwai Kibaki. Shule za umri huo zinapoadhimisha karne, mzigo mkubwa hubebwa na chama cha waliosoma hapo: mawakili, wafanyabiashara, maaskofu, watu wenye vyeo na kipato.

Historia ya Tanzania ilikwenda njia nyingine. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969, iliyoanza kutekelezwa 1970, shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku ziliingia mikononi mwa Serikali. Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha kabla ya kujiuzulu mwaka 1955, ilikuwa mojawapo. Seminari zilibaki kwa Kanisa. Kwa hiyo shule nyingi za Kanisa za leo, ukiacha seminari, zilianzishwa baada ya hapo, na wahitimu wao wa kwanza bado wanalea, wanajenga na wanasomesha.

Maana yake kiufundi ni hii: jubilei ya fedha ya shule changa haiwezi kuegemea wahitimu peke yao. Inasimama juu ya mafiga matatu: wazazi wa sasa, waamini wa parokia za jirani, na wafanyabiashara wa mji. Wahitimu wapewe kazi wanayoiweza vizuri, yaani kutafutana kwa makundi ya simu, mwaka kwa mwaka wa kuhitimu, kila mwaka na kiongozi wake na lengo lake dogo.

Kalenda ya mavuno

Kosa linalogharimu kuliko yote ni tarehe. Januari mzazi ana ada, sare na madaftari. Kati ya Februari na Aprili ghala linaisha na shamba linadai palizi, tena mara nyingi ndiyo Kwaresima, kipindi ambacho Kanisa lenyewe halihimizi shangwe. Mei kidato cha sita wako kwenye mtihani. Novemba kidato cha nne wanafanya wa kwao, na mkulima anatafuta mbegu na mbolea kabla mvua hazijashika.

Kinachobaki ni dirisha la katikati ya Julai hadi Septemba. Mahindi yameshavunwa na kukauka, wanunuzi wako mjini, na kahawa inachumwa na kupelekwa kwenye vyama vya msingi. Lakini mkulima wa kahawa halipwi siku anayopeleka mzigo, hungoja mauzo. Kadi yake ya ahadi iandikwe tarehe inayolingana na malipo hayo. Kumdai Agosti fedha atakayoipata Oktoba ni kumlazimisha akope, au akwepe.

Jumuiya ndiyo injini

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, wakiwa chini ya umoja wao wa AMECEA, walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Matunda yake yanaonekana hata kwenye uchangishaji. Jumuiya ni nyumba chache zinazosali pamoja kila wiki na kujuana kwa jina na kwa shida. Mwenyekiti wake anajua nani amefiwa na nani ameuza gunia 20. Ofisi ya shule haijui hayo.

Kwa hiyo lengo kuu ligawanywe kushuka: parokia, kigango, jumuiya, kaya. WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, ambao mwaka 2022 waliadhimisha miaka 50 tangu kuanzishwa, wana mfumo wao wa kufikishiana taarifa na kukusanya kidogo kidogo, na kamati yenye busara huwakabidhi eneo kamili, kwa mfano jikoni au mabweni ya wasichana. Tahadhari ni moja: mgawanyo uwe pendekezo. Mjane asisomewe deni mbele ya wenzake. Mzazi tayari analipa ada, na mchango ukigeuka ada ya pili atauhesabu kama adhabu.

Siku yenyewe: mnada na kipaza sauti

Baada ya Misa huja mnada, na hapa utaratibu wetu una akili nyingi. Asiye na fedha huleta debe la mahindi, jogoo, mkungu wa ndizi au kiroba cha maharage. Mfanyabiashara hukinunua kitu hicho kwa bei ya juu kuliko ya sokoni, na mara nyingi hukirudisha kinadiwe tena. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara nne. Hivyo mwenye mazao na mwenye fedha wanakutana kwenye zawadi moja.

Udhaifu wake uko kwenye kumbukumbu. Jina la mnunuzi husikika, la aliyeleta jogoo hupotea, na kelele zikizidi hata aliyenunua kwa ahadi hajulikani. Tiba ni rahisi: waandishi wawili wenye madaftari mawili, mmoja wa vitu na waliovileta, mwingine wa bei na namna ya malipo, wakilinganisha kabla ya meza kufungwa. Malipo ya simu yaingie kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la shule au parokia, kamwe si kwenye simu ya mjumbe.

Hesabu ya ahadi

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Jioni inatangazwa shilingi milioni 60. Ndani yake taslimu ni milioni 18, na ahadi ni milioni 42. Nusu ya ahadi ikilipwa, zinaingia milioni 21, jumla inakuwa milioni 39. Maturubai, chakula, muziki na usafiri vikila milioni 9, zinabaki milioni 30. Fundi aliyepewa makadirio ya milioni 60 atasimama kwenye linta.

Hesabu hii inatoa masharti matatu. Taslimu na ahadi zitangazwe kama tarakimu mbili tofauti. Kila ahadi iwe na jina, namba ya simu, tarehe na mtu wa kuifuatilia, na bora mtu huyo atoke jumuiya ileile. Gharama za sherehe ziwe na mfuko wake, unaotokana na mauzo ya vitenge na fulana za jubilei au wafadhili waliokubali kulipia chakula, bila kugusa mfuko wa ujenzi.

Sharti hilo la tatu lina nguvu ya sheria. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983, kanuni ya 1267, unasema sadaka iliyotolewa na waamini kwa lengo maalumu itumike kwa lengo hilo tu. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa, na kanuni ya 537 inaitaka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Aliyechangia bweni na kisha akakuta fedha yake imelipia muziki ana haki ya kuuliza, na paroko ana wajibu wa kumjibu.

Nafasi ya mgeni rasmi

Kenya, ambako harambee ilijenga shule nyingi tangu uhuru wa 1963, iliona pia upande wake mbaya: viongozi wakishindana kwa mabunda ya fedha na raia wakichangishwa kwa woga. Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza ofisa wa umma kutumia cheo chake kushinikiza watu wachange. Kwetu somo liwe hili: mgeni rasmi aalikwe kwa sababu anaipenda elimu, na bajeti isimtegemee. Mchango wake ukiwa zaidi ya robo ya lengo, jamii imekuwa watazamaji, na mwaka ujao itasubiri mgeni mwingine.

Jubilei yenyewe inatudai kitu. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, mwaka wa hamsini ni mwaka wa kuwaacha huru watumwa na kuwarudishia watu ardhi ya ukoo wao. Shule inayosherehekea kwa jina hilo itenge sehemu ya makusanyo kuwasomesha watoto waliokaribia kuacha masomo kwa kukosa ada. Itengwe tangu mwanzo na iandikwe kwenye kadi.

Kwa wajumbe wa kamati watakaoketi mwaka huu, Mlowo au kwingineko, ombi langu ni moja. Pangeni leo tarehe ya pili, miezi sita baada ya sherehe, ambayo mapato na matumizi yatasomwa kanisani, yabandikwe ubaoni, na waliochanga wapelekwe kuona jengo. Mkulima aliyeleta debe lake akisikia limefanya nini, atalileta tena. Asiposikia, msimlaumu.