iAd: Apple Ilipotaka Kulitengeneza Kila Tangazo kwa Mkono Wake

Aprili 8, 2010, katika makao makuu ya Apple mjini Cupertino, California, Steve Jobs aliwaonyesha waandishi wa habari mfumo mpya wa simu ya iPhone. Katikati ya maelezo akatangaza kwamba kampuni yake inaingia kwenye biashara ya kuuza matangazo, kwa huduma iliyopewa jina la iAd. Hesabu aliyoitoa jukwaani ilieleweka na kila mtu: mtumiaji hukaa ndani ya programu dakika 30 kwa siku, akionyeshwa tangazo moja kila dakika 3, atakuwa ameona matangazo 10, vifaa vikiwa milioni 100, matangazo yataonekana mara bilioni 1 kila siku.

Juni 30, 2016, iAd ilifungwa. Wanaoieleza habari hii kwa haraka husema bei yake ilikuwa kali mno. Ni kweli ilikuwa kali, lakini bei hushushwa kwa barua moja, na Apple iliishusha zaidi ya mara moja bila kupona. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye namna ya kusimamia ubora. Kampuni iliyokuwa imekwisha kujifunza kusimamia kazi za maelfu ya watu kwa kanuni na zana, safari hii iliamua kuzifanya kazi hizo yenyewe.

Kasoro iliyotakiwa kurekebishwa

Tuanze na haki ya Apple, maana tatizo ililoliona lilikuwapo kweli. Tangazo la simu la miaka ile lilikuwa kibango chembamba chini ya kioo. Ukikigusa, hata kwa bahati mbaya, unatupwa nje ya programu uliyokuwa ukiitumia, kivinjari kinafunguka, na unaanza kusubiri ukurasa uliotengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Ukirudi, mchezo wako umeshaharibika. Watu walijifunza kukwepa vibango hivyo kama mtu anavyokwepa dimbwi.

iAd iliondoa safari hiyo ya nje. Mtengenezaji wa programu aliweka ndani ya kazi yake kipande kilichoitwa ADBannerView, chenye ukubwa wa pointi 320 kwa 50 simu ikiwa wima, na 480 kwa 32 ikilazwa. Mtumiaji akigusa kibango, mfumo unaiarifu programu kwamba tangazo linataka kufunguka, ili isimamishe mchezo na kunyamazisha sauti. Kisha tangazo linajaa kioo kizima, likiwa bado ndani ya programu ileile, na alama ya kulifunga ikiwa pembeni. Ukilifunga unajikuta palepale ulipoachia.

Kilichomo ndani kilikuwa kama programu ndogo. Mfano wa filamu ya Toy Story 3 ulioonyeshwa siku iAd ilipotangazwa ulikuwa na video, mchezo, na picha za kupamba kioo cha simu. Yote yalijengwa kwa HTML5, na hapo ndipo penye fundo la kwanza. Wabunifu wengi wa mashirika ya matangazo walikuwa wakijenga matangazo yao ya intaneti kwa Flash ya kampuni ya Adobe, ambayo iPhone haikuikubali. Aprili 29 mwaka huohuo Jobs alichapisha barua ndefu ya kueleza kwa nini. Kwa hiyo Apple ilikuwa imebuni aina ya tangazo ambayo wenye kazi ya matangazo walio wengi hawakuwa na ujuzi wa kuijenga.

Njia mbili zilikuwapo: kuwapa wabunifu zana na mafunzo, au kuwajengea. Apple ilichagua kuwajengea.

Kazi ilivyopita mkononi

Kikosi cha kazi kilitoka Quattro Wireless, kampuni ya matangazo ya simu ambayo Apple iliinunua Januari 2010, baada ya Google kukubaliana kuinunua AdMob, kampuni nyingine ya aina hiyo, kwa dola milioni 750 mwezi Novemba 2009. Andy Miller, aliyekuwa kiongozi wa Quattro, ndiye aliyekabidhiwa biashara mpya.

Wakala wa matangazo, kwa niaba ya mteja wake, alileta wazo, picha na video. Watu wa Apple wakalijenga tangazo, wakalipima, wakaamua lipi linafaa na lipi halifai. Wakala akitaka kubadili kitu, ombi linarudi kwa Apple na kusubiri zamu yake. Ni kama kumbi zile za harusi ambazo mwenye ukumbi hakuruhusu kuingia na mpishi wako wala mpambaji wako: chakula huenda kikawa kizuri kweli, lakini tarehe ya sherehe ni yako, wageni ni wako, na jikoni huna sauti.

Kwa wakala hasara ilikuwa kubwa kuliko kujisikia vibaya. Kutengeneza ndiyo kazi anayolipwa. Pia huwa anatengeneza matoleo kadhaa ya tangazo moja, anayarusha, anaona lipi linavuta watu, na kuyatupa mengine. Mtindo huo hauwezekani pale ambapo toleo moja tu limechukua majira mazima kukamilika.

Agosti 2010 gazeti la The Wall Street Journal liliripoti kwamba tangazo la iAd huchukua kama wiki 8 hadi 10 kutoka wazo hadi kukamilika. Kampuni 17 zilikuwa zimetajwa kuwa washirika wa mwanzo, lakini huduma ilipoanza rasmi Julai 1, kwa sehemu kubwa ya mwezi huo yaliyoonekana yalikuwa ya Unilever na Nissan tu. Baadaye mwaka huo vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba Adidas imeondoa tangazo la zaidi ya dola milioni 10 baada ya wazo lake kukataliwa kwa mara ya tatu.

Uzito wa wiki 10 unaonekana ukiuweka kwenye kalenda ya biashara ya Marekani. Mwenye duka la nguo anayeamua katikati ya Septemba kutangaza ofa zake za mwisho wa mwaka atalipata tangazo lake mwishoni mwa Novemba, wakati wateja wameshaanza kumiminika madukani. Akichelewa tena kwa marekebisho mawili matatu, atakuwa anatangaza ofa zilizokwisha.

Hesabu ya pesa, na kibango kitupu

Mwanzoni aliyetaka kutangaza alitakiwa kuja na dola milioni 1 au zaidi. Alitozwa dola 10 kwa kila tangazo kuonekana mara elfu, na juu ya hapo dola 2 kila linapoguswa. Tuseme katika watu elfu walioona kibango, 10 wakakigusa. Mtangazaji atalipa dola 10 za kuonekana na dola 20 za kuguswa, jumla dola 30. Katika hizo, asilimia 60 ni za mwenye programu, yaani dola 18, na Apple inabaki na 12. Kwa kiwango hicho dola milioni moja inakwisha baada ya tangazo kuonekana kama mara milioni 33. Sasa rudi kwenye ile hesabu ya jukwaani ya mara bilioni 1 kwa siku. Mteja wa dola milioni angelitosheleza dai hilo kwa muda usiofika saa moja. Kuijaza siku moja tu kulihitaji wateja kama 30 wa aina yake, na kila mmoja wao alikuwa na wiki 10 za kusubiri karakana.

Foleni ya Cupertino ilifika hadi kwenye msimbo wa mtengenezaji wa programu aliye mbali. ADBannerView ilipoomba tangazo na kukosa, programu ilipewa taarifa ya kushindwa kupitia njia iliyoitwa didFailToReceiveAdWithError, na mtengenezaji alitakiwa kukiondoa kibango kitupu kwenye kioo. Kwa kuwa kukosa kulikuwa jambo la kawaida, wengi waliandika mistari michache zaidi hapohapo: iAd ikikosa, omba kwa AdMob. Nafasi ambazo Apple ilishindwa kuzijaza kwa sababu ya uangalifu wake zikajazwa na vibango vilevile vya kawaida ilivyokusudia kuvifuta, na pesa zikaenda kwa Google.

Apple ilijaribu kulizuia hilo kwa kalamu. Mwezi Juni 2010 ilirekebisha mkataba wake na watengenezaji, kifungu 3.3.9, ili takwimu za watumiaji zisipelekwe kwa kampuni za matangazo zinazomilikiwa na wenye mifumo shindani ya simu. Omar Hamoui, mwanzilishi wa AdMob, alipinga hadharani, na Septemba masharti yakalegezwa. Wiki chache kabla ya mzozo huo, mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilikuwa imeiruhusu Google kukamilisha ununuzi wa AdMob, na sababu mojawapo iliyoitaja ni kwamba Apple imeingia sokoni na ushindani utakuwapo.

Je, uzuri ulipatikana?

Ulipatikana, na mchambuzi anayeficha hilo hatendi haki. Juni 7, 2010, kwenye mkutano wake wa watengenezaji programu, Apple ilionyesha tangazo la gari la umeme la Nissan Leaf, na Jobs akasema kampuni imeshaahidiwa dola milioni 60 kwa nusu ya pili ya mwaka huo. Nissan ilieleza baadaye kwamba waliolifungua tangazo walikaa nalo kwa wastani wa sekunde 90. Kwa kibango cha simu, huo ni muda mrefu mno. Dai la kwamba mtu akiheshimiwa atalitazama tangazo kwa hiari lilithibitika.

Lakini mkutano huohuo ulikuwa na takwimu nyingine iliyostahili kusomwa kando ya hiyo. Jobs alisema App Store ina programu zaidi ya 225,000, zinazoletwa kila wiki ni kama 15,000, na asilimia 95 ya zinazoletwa huidhinishwa ndani ya siku 7. Apple haikuziandika programu hizo. Ilitoa zana, ikatoa mwongozo wa muundo, kisha ikaweka mkaguzi mwishoni mwenye mamlaka ya kukataa. Anayekataliwa anarekebisha kwa gharama yake na kuleta tena. Mchezo wa simu wenye kurasa nyingi na hesabu za fedha ulipata jibu kwa wiki moja. Tangazo la sabuni lilichukua 10.

Udhibiti wa mwishoni hupanuka kwa kuongeza wakaguzi. Udhibiti wa kutengeneza hupanuka kwa kuongeza mafundi, na mafundi wenye jicho ambalo Apple ilikuwa ikilitaka hawaokotwi. Kampuni ilikuwa na mtindo unaofanya kazi kwenye jengo hilohilo, ikaacha kuutumia kwa wateja waliokuwa wakija na mamilioni ya dola.

Kufungulia kwa zamu

Ulegezaji ulianza kuja, kila hatua ikichelewa kidogo. Desemba 2010 ilitolewa iAd Producer, programu ya kompyuta iliyomwezesha mbunifu wa nje kujenga tangazo mwenyewe kwa violezo vya Apple, bila kuandika msimbo mwingi. Ni zana ambayo ilipaswa kutangulia uzinduzi, nayo ikaja miezi mitano baada yake. Mwanzoni mwa 2011 kima cha chini kilishushwa hadi dola 500,000, baadaye 300,000, na mwaka 2012 kikafika 100,000 huku mgao wa mwenye programu ukipandishwa hadi asilimia 70. Miller aliondoka 2011; mwaka uliofuata uongozi ukawa kwa Todd Teresi, aliyetoka Adobe, kampuni ileile ya Flash.

Kufikia hapo mashirika ya matangazo yalikuwa yameshazoea kwenda kwingine. Anayepanga bajeti ya mteja hasubiri msambazaji ajirekebishe, hasa pale ambapo kwingineko anajihudumia mwenyewe, anaona takwimu za jana asubuhi ya leo, na anabadili maneno ya tangazo kabla ya chakula cha mchana.

Somo Apple ililolichukua

Miezi mitatu tu baada ya iAd kufungwa, Oktoba 2016, Apple ilirudi na matangazo ya utafutaji ndani ya App Store, kwa kuanzia Marekani. Muundo wake unaonyesha kwamba kuna mtu aliyekaa chini akaisoma vizuri historia ya miaka sita. Hakuna kima cha chini cha mamilioni. Mtangazaji anachagua maneno ambayo watu huyatafuta na kutaja kiasi atakacholipa tangazo likiguswa. Tangazo lenyewe halichorwi na mtu yeyote: mfumo unalitunga kutokana na jina la programu, alama yake, maelezo na picha zilizoko tayari kwenye ukurasa wake wa dukani, vitu ambavyo mkaguzi wa Apple alishavipitisha.

Udhibiti haukupungua hata chembe. Ulihamishwa tu: kutoka karakana ya kutengeneza hadi umbo la kisanduku ambamo tangazo linaingia. Asiyeweza kuweka kitu kibaya hahitaji kusimamiwa, na asiyesimamiwa hapangi foleni. Kwa mwenye jukwaa, hilo ni jibu safi kibiashara.

Gharama yake ni kwamba asiyeweza kuweka kitu kibaya hawezi pia kuweka kitu kizuri. Tangazo la Nissan Leaf lenye kumkalisha mtu sekunde 90 halina pa kuingia kwenye kisanduku hicho, na halitengenezwi. Apple ilianza kwa kusema matangazo ya simu ni mabaya kwa sababu hayana ubunifu, ikaishia kupata faida kwenye tangazo ambalo ubunifu umeondolewa kabisa. Njia ya kati, ya kuwapa wabunifu zana nzuri tangu siku ya kwanza na kubaki na haki ya kukataa, ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kuleta vyote viwili, na ndiyo iliyojaribiwa kwa kuchelewa na kwa shingo upande.