Anayejua Zaidi Hana Kura

Ukiuliza padre hufundishwa nini, utatajiwa masomo: falsafa, Maandiko Matakatifu, taalimungu, liturujia, sheria za Kanisa. Ni kweli, ila masomo hayo hata mlei anaweza kuyasoma chuoni, akachukua shahada yake na kurudi kwa mkewe na wanawe. Seminari kuu inaachana na chuo mahali pengine kabisa, katika namna inavyomchunguza mtu. Humo mna ufundi ambao waumini wengi, hata wanaochangia seminari kila mwaka, hawajawahi kuelezwa.

Kabla ya Mtaguso wa Trento, kijana aliyetaka upadre mara nyingi alijishikiza kwa paroko fulani na kujifunza kwa kumtazama. Akiangukia kwa mzembe, alihitimu uzembe. Tarehe 15 Julai 1563 mababa wa mtaguso waliagiza majimbo yawe na nyumba za kulelea vijana, kuanzia umri wa miaka 12, wawe wanajua kusoma na kuandika, na watoto wa maskini wafikiriwe kwanza. Mfumo huo ndio Wamisionari wa Afrika waliouleta Katigondo, Uganda, seminari iliyoanza 1911, ambako baadaye alisoma Laurean Rugambwa, aliyepadrishwa 1943 na kufanywa kardinali 1960.

Kwa Tanzania njia inafahamika. Kuna mwaka wa malezi, kisha falsafa, tuseme Ntungamo au Kibosho, kisha mwaka wa uchungaji, kisha taalimungu, Kipalapala, Segerea au Peramiho. Sheria za Kanisa za 1983 zinadai falsafa na taalimungu zisipungue miaka sita kamili, miwili kwa minne. Ukianza kuhesabu toka kidato cha kwanza katika seminari ndogo, safari inazidi mwongo mmoja. Muda wote huo wa nini? Vitabu peke yake haviuhitaji.

Ndani ya nyumba kuna masikio ya aina mbili. Gambera, yaani mkuu wa seminari, na walezi wenzake wanaangalia yanayoonekana: frateri, yaani mseminari, anaamka saa ngapi, anaishije na wenzake, fedha akikabidhiwa zinarudi na maelezo gani, anaongeaje na wapishi, akirekebishwa anapokea au ananuna mwezi mzima. Hao ndio wanaoandika tathmini na kushauri kama aendelee au arudi nyumbani. Upande wa pili yuko baba wa kiroho. Huyo anasikia yasiyoonekana: sala iliyokauka, vishawishi, upweke, hofu ya useja, mashaka kama kweli ameitwa.

Sasa tazama kanuni ya 240 ya sheria hizo za 1983. Inapofika kuamua nani apewe daraja takatifu na nani aachishwe, ni marufuku kabisa kumwomba maoni baba wa kiroho au muungamishi. Anayemjua kijana kuliko wote anakaa kimya, na wanaomjua kwa nje ndio wanaoamua.

Kwa mtu wa ofisini huu ni upotevu wa taarifa. Lakini fikiria kama ukuta huo usingekuwepo. Frateri angejua kwamba neno lake la jioni linaweza kufika mezani kwa gambera asubuhi, na kuanzia siku hiyo angemletea baba wa kiroho maisha yaliyopigwa pasi. Taarifa zenyewe zisingekuwepo. Kanisa limekubali kutozitumia ili zipatikane walau pahali pamoja, mahali ambapo kijana anaweza kusaidiwa, na pengine kushawishiwa aondoke mwenyewe kwa amani.

Faida ya pili, kwa maoni yangu kubwa zaidi, inaonekana miaka ya mwisho, katika mazoezi ya kuungamisha. Mhadhiri anajifanya muungamaji, frateri anaketi kama padre, wenzake wanasikiliza kisha wanachambua. Chukua mfano huu: mhazini wa kikundi anaungama kwamba amechota fedha za wenzake. Frateri aulize nini, na aache kuuliza nini? Suala la kurudisha fedha aliwekeje bila kumlazimisha mtu ajifichue hadharani? Hapo kitabu cha maadili kinamsaidia. Kigumu kinafuata. Wiki moja baadaye uchaguzi wa halmashauri ya walei unamleta mtu yuleyule apendekezwe kuwa mhazini wa parokia, na paroko, ndiye aliyemwungamisha, yuko kikaoni. Kanuni ya 984 haimwachii upenyo: alichosikia kitubioni hawezi kukitumia kumdhuru muungamaji, wala kukifanya msingi wa uamuzi wa uongozi. Asikohoe, asikunje uso.

Hilo halifundishiki kwa mihadhara ya muhula mmoja. Frateri amelijifunza kwa kuwa yeye mwenyewe ameishi chini ya ulinzi huohuo. Kwa miaka amemwona baba wa kiroho akipita ukumbini, akijua mambo yake, bila kuonyesha dalili yoyote. Siku akipewa stola ya zambarau anaijua siri hiyo kwa upande wa aliyefichiwa.

Gharama ipo, na si ndogo. Kama masikio ya ndani yamefungwa mdomo, basi macho ya nje lazima yaone vizuri, na seminari ni mahali pabaya pa kuonea. Kengele inaamsha, inalisha, inasalisha, inalaza. Mtu mwenye nidhamu ya kengele anaweza kupita miaka kumi bila doa, kisha akafika parokiani, penye vigango vingi, kamati ya ujenzi inayovutana na kwaya mbili zisizosalimiana, ambako hakuna anayempigia kengele. Mwongozo wa malezi ya kipadre uliotolewa Roma mwezi Desemba 2016 umeliona hilo kiasi. Hatua ya mwisho, inayopitia ushemasi hadi upadrisho, imekusudiwa ifanyike nje ya seminari, na mwongozo huo unasema wazi kwamba mchango wa wanawake katika malezi una thamani yake.

Mwaka wa uchungaji ndio dirisha pana zaidi tulilo nalo, na ripoti ya paroko ina uzito. Ila frateri akiwa mbele ya paroko bado yuko mbele ya mkubwa. Anayemwona akiwa amechoka, amenyeshewa, na kigango kimeleta watu tisa tu, ni katekista. Viongozi wa jumuiya ndogondogo wanajua kama alikwenda kwa mgonjwa alipoitwa usiku, na masista wanajua alivyozungumza na wasichana wa jikoni. Kanuni ya 1051 inamruhusu askofu kutafuta ushuhuda kwa njia nyingine, zikiwemo barua na matangazo kanisani. Matangazo, hata hivyo, huja mwishoni, kadi za mchango zikiwa zimeshagawiwa na ng'ombe ameshanunuliwa. Nani atasimama wakati huo? Ushuhuda wa katekista ungeombwa mwaka wa uchungaji unapoisha, kwa maandishi, uende moja kwa moja kwa gambera bila kupitia mezani kwa paroko.